Bibi Harusi Asipasuke Uso

Mineto aliisikia ngozi yake ikikatika kabla watazamaji hawajaiona. Alikuwa jukwaani, mwavuli begani, ngoma ya mwisho inaelekea ukingoni. Alipotabasamu tu, shavu la kushoto likavuta, na rangi nyeupe aliyojipaka usoni ikafunguka kuanzia puani hadi karibu na sikio. Kila alipogeuka, unga ukadondoka juu ya kimono yake nyeusi. Akamaliza ngoma midomo kaifunga, kama mtu anayeumwa jino.

Kikundi cha maigizo cha Asahina kilikuwa kimewasili Akita, kaskazini kwenye baridi, wiki ile ile, kikitokea Oita, kusini kabisa, na kilicheza katika ukumbi wa nyumba ya kuogea maji moto ya chemchemi. Wakulima wa huko, theluji ikishafunika mashamba, huja asubuhi kuoga, wakala, wakajinyoosha kidogo, kisha wakatazama mchezo taulo zikiwa shingoni. Na wanachokuja kutazama hasa ni mwanamume anayejua kucheza mwanamke. Mineto alikuwa na miaka kumi na tisa, shingo ndefu, vidole vyembamba, na maringo ya kuwatosha watu watatu.

Jumamosi angecheza bibi harusi kwa mara ya kwanza. Nafasi hiyo baba yake, Gennosuke, mkuu wa kikundi, hakuwahi kumwachia mtu yeyote. Mwishoni mwa mchezo bibi harusi huvua kitambaa kichwani, akamtazama mzazi wake, akalia huku anatabasamu, na mwanga wote wa taa humwangukia usoni. Tangu aambiwe, kijana alikuwa haoni wala hasikii. Alifanya mazoezi hadi chooni, na dada yake Chinatsu alikuwa ameshamgongea mlango mara kadhaa akidhani kuna mtu anazimia humo.

Sasa mchezo wa siku hiyo ulikuwa umekwisha, na waigizaji, rangi zao zikiwa bado usoni, walisimama mlangoni kuwapa mikono watu wanaotoka. Hapo hapana pa kujificha. Mama mmoja mnene, mwenye koti la manyoya shingoni, alimshika Mineto mkono, akampangusa bega kwa kiganja.

"Jamani, theluji imeingia hadi ndani?" aliuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitana na majirani kutoka shamba hadi shamba.

Mlango mzima ukaangua kicheko. Mineto naye akacheka, na shavu la kulia nalo likaachia.

Walipoingia chumba cha kujipambia, Gennosuke hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali.

"Jumamosi nitaukagua uso huo," alisema akivua wigi. "Ukiwa hivi, kimono ya harusi naivaa mimi."

"Baba, ni baridi tu ya safari."

"Watazamaji hawakuja kutazama safari yako."

Basi Mineto akafanya kile ambacho mtu wa kusini hufanya akiona rangi haishiki: akazidisha usafi. Kwao Oita adui wa mwigizaji ni jasho, na kila alichofundishwa ni cha kupambana na jasho. Osha uso kwa sabuni mpaka ngozi itoe mlio ukiipapasa. Jipake maji makali ya kukaza ngozi. Kaa karibu na joto, nta inayotangulia chini ya rangi ilainike na rangi ikauke upesi. Mafuta ya aina yoyote ni mwiko. Na hapo ukumbini palikuwa na bahati ya ziada: tangazo mlangoni mwa bafu lilisema haya ni maji ya warembo. Akaingia asubuhi, akaingia mchana, akaingia jioni. Yalimwasha kope na kumchoma puani, naye akafurahi kwamba yanafanya kazi.

Kufikia Alhamisi alikuwa mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Rangi nyeupe aliiongeza juu ya nyingine, na kadiri ilivyokuwa nene ndivyo ilivyobanduka kwa mabamba. Siku hiyo mlangoni yule mama hakutania. Alimshika kidevu, akakigeuzia kwenye mwanga.

"Mimi naitwa Shige," alisema. "Matufaha unayokula hapo kantini ni yangu, kwa hiyo nina haki ya kukuuliza. Unaoga mara ngapi, mjukuu wangu?"

"Asubuhi, mchana na jioni, bibi," Mineto alijibu kwa fahari.

"Humu humu? Na sabuni?"

"Na sabuni."

"Ukitoka?"

"Nakaa mbele ya jiko la mafuta ya taa, rangi ishike."

Bibi Shige alicheka mpaka akakohoa, akawageukia wenzake. "Nyie, njooni muone! Huyu anajianika! Figili zangu nazitundika juu ya moto zikauke hivi hivi, halafu nazikatakata tunakula na chai!" Kisha akamrudia kijana, sauti imeshuka. "Maji haya ni makali, mwanangu. Ukisahau msumari humo unaliwa. Sisi tukitoka tunajisuuza na maji ya kawaida, na mafuta tunapaka ngozi ingali mbichi, kabla taulo halijamaliza kazi."

Akatoa mkobani kopo la mafuta ya farasi, limechotwa nusu, alama ya kidole ingali humo. Akamtia mkononi.

"Bibi, mafuta hayakai chini ya rangi. Yatateleza. Baba ataniua."

"Basi msikilize baba yako, upasuke vizuri."

Mineto alirudi na kopo mfukoni, roho haijatulia. Asubuhi iliyofuata, akiponda nta yake ya kujipakia kwenye viganja, ngumu kama jiwe kwa baridi, ndipo mkono ukasimama. Nta ni nini kama si mafuta? Miaka yote hii amekuwa akijipaka mafuta na kuyaogopa mafuta! Kule kwao kinachosukuma rangi ni jasho, na huku Akita, ukitaka jasho, labda uliagize kwa posta. Moyo ulimruka. Alichomoka kwenda kumtafuta dada yake, soksi mguu mmoja.

"Chinatsu! Nataka macho yako!"

"Yangu yananitosha mwenyewe, kaka."

Lakini alikuja. Shavu la kushoto Mineto akaliosha kwa sabuni na kulipaka maji makali, kama siku zote. La kulia akalisuuza kwa maji ya vuguvugu tu, akaligusagusa na taulo likabaki na unyevu, akapaka mafuta kidogo sana, akasubiri yaingie. Kisha nta nyembamba, kisha rangi iliyozimuliwa maji zaidi ya kawaida. Akatabasamu. Akanuna. Akapuliza mashavu, akayafyonza ndani, akatoa ulimi.

Chinatsu alisogea hadi pua zikagusana. "La kulia, mtoto mchanga," alisema polepole. "La kushoto, ukuta wa choo cha shule."

Mineto alimkumbatia akamwinua juu, na rangi ikamwingia dada mtu nyweleni. Chinatsu alipiga kelele huku anacheka. Kijana alikuwa na furaha ya kutaka kutoka nje akaikumbatie theluji yenyewe.

Jumamosi hakuliona bafu hata kwa mbali. Jiko alilisukumia pembeni na kuweka birika juu yake, mvuke ukajaa chumbani. Alijipamba meno yakigongana, Chinatsu akimshikia kioo na blanketi. Ngoma ya kuita watu ilikuwa imeanza kulia Gennosuke alipoingia, tayari amevaa na kupakwa, kwa kuwa yeye ndiye angecheza mzazi wa bibi harusi.

"Nani kahamisha jiko?"

"Mimi, baba."

Gennosuke akainama juu ya uso wa mwanawe, akauangalia, akanusa. "Umepaka mafuta."

"Ndiyo." Hakuinamisha macho. "Kama huniamini, kimono ile pale, chukua. Ila huu uso siufuti."

Baba aliitazama kimono nyeupe ukutani, muda mrefu kuliko alivyoweza Mineto kuzuia pumzi.

"Ukiyeyuka mbele za watu," alisema mwishowe, "utabeba mawigi mpaka uote mvi." Akatoka.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Mineto alicheza, na ilipofika mwisho akavua kitambaa. Taa ikamwangukia. Machozi hakuyatafuta, yalikuja yenyewe, na alipotabasamu uso wote ulimfuata, laini, hakuna kilichovuta. Furaha ilimpanda kutoka nyayoni. Akamgeukia mzazi wake, kama mchezo unavyotaka.

Gennosuke alipandisha nyusi kwa uchungu wa baba anayeozesha. Paji la uso likapasuka. Ufa ukashuka hadi puani, na kibamba cheupe kikadondoka juu ya mkono wa kimono yake nyeusi. Mbele, mtu akaguna kicheko.

Mineto hakufikiri. Alipiga magoti, akainua mkono mpana wa vazi lake jeupe, akaufunika uso wa mzazi wake na kuupangusa taratibu, kama bintiye anayemfuta machozi. Hilo halikuwamo mchezoni. Kile kicheko kikafa, kisha kina mama wakaanza kuvuta makamasi, na sauti ya shamba hadi shamba ikapasua kutoka nyuma, ikilitaja jina la kikundi kwa sifa: "Asahina!"

Chini ya mkono ule, Gennosuke alikuwa anamtazama mwanawe kwa karibu sana.

Mlangoni Bibi Shige alilibonyeza shavu la bibi harusi kwa kidole, akakitazama kidole, akawaonyesha wenzake. Kilikuwa safi. "Kopo nirudishie," alisema. "Wewe si figili tena."

"Kesho, bibi. Leo nalihitaji," alisema Mineto, asijue kwa nini amesema hivyo.

Alijua aliporudi chumbani. Gennosuke alikuwa ameshanawa rangi, kwa sabuni kama kawaida yake, na paji lake lilikuwa jekundu, limechanika. Alikuwa amekaa mbali na jiko.

"Bibi harusi ni wako," alisema bila kugeuka. "Kesho na kesho kutwa pia." Akakohoa. "Na hayo mafuta yako… yako wapi?"

Mineto akatoa kopo. Akaloanisha kitambaa kwa maji ya vuguvugu ya birika, akamgusagusa baba yake usoni, kisha akakiinua kidevu chake kwa kidole kimoja, vile vile alivyokuwa akiinuliwa yeye utotoni na baba huyo huyo, alipokuwa akipakwa rangi.

"Tulia, baba," alisema. "Usicheke."

Gennosuke alicheka.