Paneli Zilizogeuka Manjano

Nakeno alijua kabla hajamaliza kupanda ngazi. Paneli za sola juu ya paa la zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, zilizotakiwa kuwa nyeusi tititi, zilikuwa zimegeuka manjano kuanzia pembeni, sawasawa na zile alizozianika mwenyewe kwa majaribio kwenye ofisi ya mradi Lodwar.

Alikuwa mtaalamu wa vipimo wa mradi. Seli za paneli hizo zilitengenezwa kwa perovskaiti, aina mpya ya fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme kwa gharama ndogo. Maabarani zilipimwa kwa mwanga peke yake, kisha kwa joto peke yake, zikafaulu. Jua la Turkana huleta vyote kwa pamoja, na juu ya paa la ofisi umeme wa paneli hizo ulikuwa umeporomoka. Alimsihi meneja wake, Lokuruka, asizipeleke popote. Lokuruka alimsikiliza, akamshukuru, akazipeleka Kakuma. Wafadhili walikuwa njiani.

Sasa friji ya chanjo ilikuwa imezima. Muuguzi Eugénie, mkimbizi kutoka Bukavu, alikuwa ametupa chanjo zote na kuwarudisha akina mama waliokuja na watoto kwa miguu kutoka Kalobeyei. Nakeno aliposhuka, hakumsalimu.

"Mulijua?"

Nakeno alitaka kusema kwamba yeye alikataa. Lakini fulana aliyoivaa ilikuwa na nembo ya mradi.

"Tulijua," alisema.

"Basi watu wa kujaribia vitu ni sisi tu."

Aibu ilimpanda Nakeno, na nyuma yake hasira. Aliutazama mfereji unaoteremsha maji ya mvua kutoka kwenye mabati hadi kwenye tangi la maji ya kunywa. Perovskaiti ile ina madini ya risasi. Paneli ikiingiwa na maji, sumu hiyo huoshwa nayo. Na upande wa Uganda wingu lilikuwa limeshatanda.

Akampigia Lokuruka. Meneja hakubisha habari ya friji wala ya sumu. Aliomba tu paneli ziachwe mpaka wafadhili wapige picha, halafu zitabadilishwa kimyakimya.

"Watazikuta chini," Nakeno alisema.

"Ukizigusa, usirudi ofisini."

Alikata simu, akaomba spana. Eugénie alimshikia ngazi, uso umekunjamana. Waliutenganisha mfereji na tangi kwanza, kisha wakazishusha paneli moja moja na kuzifunga ndani ya turubai.

Wafadhili walipofika, Lokuruka aliwaambia kwa Kiingereza kwamba ni hitilafu ndogo. Nakeno akalifungua turubai mbele yao, akawaeleza yote, pamoja na onyo alilolitoa Lodwar. Kamera zikarudi mifukoni. Mradi ulisimamishwa, friji ikafungiwa paneli za kawaida, na Nakeno akafukuzwa kazi.

Chanjo mpya zilipofika, alirudi Kakuma kwa nauli yake. Eugénie hakumshukuru. Alimwambia tu kwamba akina mama wa Kalobeyei wamegoma kuja tena, hawaamini friji ya mtu yeyote.

"Nipeleke kwao," Nakeno alisema. "Wanitukane mimi, lakini watoto wachanjwe."

Eugénie akachukua kitenge chake, wakatoka.