Mashimo Sitini na Mawili

"Kabla ya ngoma, Mama Yusra. Bonyeza kabla."

Khairat akabonyeza. Kwenye kioo cha simu yake, shujaa wa gemu, wa vinukta vya mraba, mwenye deraya na gitaa kubwa kuliko kiwiliwili chake, akaruka mapema na kuporomoka shimoni. Magitaa yakanguruma mpaka bisibisi zikatetemeka mezani.

"Nimebonyeza kabla. Umeona mwenyewe."

Anuari aliona. Fundi simu huyu wa Ipagala alikuwa ameitengeneza gemu hiyo kwa miaka mitatu, kila alipopata nafasi kati ya wateja, kwa mapenzi ya muziki wa hevi metali ambao mtaa mzima uliuita kelele za mashine ya kusaga. Shindano la magemu la ukumbi wa Chimwaga lingefungwa saa kumi jioni hiyo, na sharti lilikuwa moja: utume gemu pamoja na video ya mtu mwingine akiifikisha gemu mwisho. Vijana wanne walishajaribu, wote wakaishia shimo la kwanza. Sasa ilikuwa saa saba na nusu, na alibaki na mkewe Khairat tu, aliyefunga genge lake la mboga kwa ajili hiyo.

"Lete hiyo simu yako nikuonyeshe."

Anuari akaanguka. Akakohoa kidogo, akajaribu tena, akaanguka. Mara ya tatu Khairat alijiziba mdomo kwa mtandio.

"Haya, mwenye gemu."

Anuari alichukua simu yake mwenyewe, ile kuukuu aliyoibadilisha kioo mara mbili, na shujaa akavuka shimo baada ya shimo bila taabu. Ndipo uso ulipomshuka. Kioo chake kilikuwa kinachelewa kuitikia kidole, ndiyo maana alizoea kubonyeza kabla ya ngoma, naye alikuwa amechimba kila shimo kwa kipimo cha simu mbovu. Kinyozi hajinyoi, jamani. Na huyu alikuwa fundi wa simu.

"Mashimo yapo mangapi?" Khairat akauliza.

"Sitini na mawili."

"Basi acha kunitazama. Sogeza."

Anuari akafungua kompyuta, akawa anasogeza kingo za mashimo, mkewe akijaribu kwenye simu yake nzima. "Bado," anasema. "Karibu. Hapo." Walipofika shimo la thelathini Khairat alikuwa anaimba puani ule wimbo wa magitaa alioulaani miaka yote mitatu, na wala hakujua kama anaimba.

Saa kumi kasoro dakika tisa, shujaa alisimama juu ya ngome ya chuma, mwisho wa gemu. Video ikatumwa. Anuari alifurahi mpaka machozi yakamlenga, akaona haya, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Kisha akaomba acheze na yeye, kwenye simu ya mkewe. Shimo la kwanza tu, chini. Akarudia, chini. Kidole gumba kilikuwa kimezoea ubovu.

"Si yangu tena hii," akasema, na ilimuuma kweli.

"Sogea huko."

Khairat akakaa kando yake kwenye benchi, akaweka kidole chake juu ya kidole cha mumewe, akakizuia.

"Subiri," akasema. Ngoma ilikuwa bado inakuja.