Mabomba ya Marlys

Miaka yote Marlys na mumewe Verlyn wakiikimbia baridi ya Minnesota kwenda kuota jua Arizona, mlinzi wa mabomba yao ni mimi. Kila asubuhi navaa mabuti, navuka theluji, nafungua bomba la jikoni kwao. Yakitoka maji, hayajaganda, nyumba iko salama. Halafu nakaa kidogo mezani pao, maana kwangu hakuna wa kumwambia kwamba yametoka.

Safari hii, kabla ya kuondoka, Verlyn akaweka vihisi: vidude vyeupe, vidogo kama vipande vya sabuni, kimoja chini ya sinki, kimoja bafuni. Baridi ikikaribia kugandisha maji, simu yake inapiga kelele huko huko aliko.

"Sasa pumzika, Ardis shoga," Marlys akaniambia. "Ufunguo kaa nao tu, wa dharura."

Nikapumzika. Nimepumzika mpaka nikaanza kumsalimia mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni. Haitikii, hana adabu.

Jana dhoruba ikakata umeme, baadaye ukarudi. Leo asubuhi simu ikalia.

"Ardis! Vidude vimenyamaza vyote! Verlyn anazunguka na kaptula yake kama kuku anayetaka kutaga. Hebu katazame, mabomba yasije yakapasuka!"

"Kaptula? Na miguu ile? Majirani wamewakosea nini?"

"Nenda, bibi wee!"

Nikaenda mbio, na goti langu hili. Nyumba ilikuwa na joto lake. Nikafungua bomba, maji yakaja bila kinyongo. Kilichozima ni kile kisanduku cha intaneti tu, ambacho vidude hupitishia habari zake. Changu nacho kilizima vilevile. Kule kwangu nilibonyeza tu kitufe, kikawaka. Nikanyoosha kidole kwenye kitufe cha hiki chao. Nikakirudisha mfukoni.

"Mabomba mazima," nikampigia Marlys. "Ila kisanduku cha intaneti kimezima. Itabidi nije kila siku."

"Umebonyeza kitufe?"

"Kitufe gani?"

Nyuma ya Marlys watu walikuwa wakicheka, vijiko vikigonga vikombe.

"Verlyn ataagiza kingine, kitafika wiki ijayo. Pole kwa usumbufu, mwenzangu."

"Usumbufu gani? Ehe, hilo jua likoje?"

Alikuwa ameshakata.

Wiki moja si haba. Nikavuta kiti, nikakaa na koti langu mwilini. Bomba nikaliacha litiririke kidogo, wembamba wa uzi, angalau pawe na anayesema.