Majani ya Ijumaa

...na ni yeye Nyangi aliyeyatupa, si mwingine, Mungu alimwona, Ijumaa ile jua linazama na Sabato inaingia, viazi ulaya vyake vimeshikwa na ukungu, mashina kayang'oa yote, shimo la kuyafukia hajachimba na jembe halishikwi tena, akayasukumia mferejini, akasema nitayafukia Jumapili... na Jumapili hayakuwepo, maji yalishayapeleka shambani kwa jirani yake, Boke, naye Nyangi akanyamaza, wiki mbili kanyamaza, na leo Boke huyo huyo kamshika mikono katikati ya shamba lake la viazi linalooza, hapa Guta, manyunyu yanawalowesha, "Dada Nyangi, anza wewe, wewe Mungu anakusikiaga, omba amuumbue aliyenifanyia hivi," na anayesemwa kaviroga yuko pale mlangoni, mama mkwe wake Boke, kakalia kigoda, kifurushi chake kimeshafungwa, "akiondoka leo viazi vitapona, utaona, alfajiri anapitaga humu anaongea peke yake"... anaongea na kuku wake, Boke, mara ngapi tumemcheka wote wawili... tuombe basi, Baba yetu uliye... na macho yakifumbwa tu mabaka yanakuja, meusi, tuta kwa tuta kutoka mferejini, jana tuta la nne, leo la tisa, kama mtu anayetembea bila haraka na mlango anaujua, na chini ya kila jani ule weupe laini, pumzi ya nani hiyo, na harufu, ile harufu ya viazi kuoza imemfuata hadi kanisani, imekaa ndani ya Biblia yake, akifungua Zaburi inamtangulia... "Dada, endelea basi"... nilitunza Sabato, Bwana, niliitunza, si uliniona... uliona na mchana wote wa Ijumaa nimekaa sokoni napiga soga wakati shimo linanisubiri, usiniangalie hivyo... na yule bibi anakohoa, anainua mkono taratibu, anawapungia, jamani, anadhani wanamwombea yeye, na jani lililo karibu na goti la Nyangi linatikisika, upepo hakuna, linatikisika... "Haya dada, sema, Baba..." mikono bado imeshikana, manyunyu hayajakatika, na Nyangi anafumbua macho.

"Boke, mdogo wangu, kamfungulie mama kifurushi chake kwanza, halafu njoo na jembe, nikuonyeshe nilipoyatupa."