Sailensa Mbili za Trooper

Mwaka 1996 Nyamoita alipasua sailensa ya gari lake, lile sanduku la bomba la moshi linalopunguza kelele, kwenye mwamba wa kivuko cha mto karibu na Ndhiwa, na kwa wiki mbili zilizofuata hakuna mtu aliyehitaji kuambiwa kwamba anakuja. Gari lilikuwa Isuzu Trooper ya dizeli, kuukuu lakini imara. Yeye alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, akichanja ng'ombe upande wa Kuria na kukagua mitego ya mbung'o bonde la Lambwe. Wafugaji walimwita daktari, naye alikuwa ameshachoka kuwasahihisha.

Masikio yake yangevumilia. Kilichomshinda ni ng'ombe wa Mzee Mwikwabe. Mzee alikuwa amewakusanya hamsini na wanne zizini, tayari kwa sindano. Trooper ilipotokeza kileleni ikinguruma, ng'ombe walivunja ua, wakatimka kuelekea mpakani. Ilichukua siku nzima kuwarudisha, na watatu walipatikana Tanzania.

"Binti yangu," Mwikwabe alimwambia, amechoka hata kukasirika, "wewe nakupenda. Lakini ukirudi, hilo gari liache barabarani, uje kwa miguu."

Kesho yake Nyamoita aliingia dukani kwa Dahir, muuza spea mjini Migori. Dahir alikuwa ameshasikia gari tangu likiwa darajani, kwa hiyo hakuuliza shida ni nini. Alimwekea sailensa tatu juu ya meza.

Ya kwanza iling'aa kama sufuria ya harusi. Ilikuwa na mdomo mpana, na Nyamoita aliipenda papo hapo. Dahir akaiinua usawa wa jicho lake, akamchungulia kupitia humo.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Basi na kelele zitakuona vilevile. Hii ni tarumbeta, dada. Vijana wanaipenda kwa sababu wanataka kusikika."

Ya pili ilikuwa imetolewa kwenye Trooper ya petroli. Bomba lake lilikuwa jembamba. Dahir alisema injini ya dizeli ingekosa pumzi ikipanda mlima wa Kanyamwa. Ya tatu ilikuwa ya bati. Aliibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea.

"Sasa nichukue ipi?" Nyamoita aliuliza.

"Walahi, hakuna. Nenda Homa Bay, uliza Mama Tony, ng'ambo ya gati. Yeye hauzi sailensa. Anazitengeneza."

Nyamoita alipita Awendo, ambako hata madereva wa malori ya miwa waligeuka kumtazama. Karibu na Asumbi, watu waliokuwa wakitoka misa walisimama kando ya barabara, mmoja wao ameziba masikio kwa kitabu cha nyimbo. Alifika Homa Bay saa tano, uso unamwaka kwa aibu.

Mama Tony, jina lake Truphena, alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, amevaa ovaroli juu ya gauni. Baba yake alikuwa fundi wa meli Kisumu, naye alijifunzia chuma huko. Hakutazama chini ya gari kwanza. Aliuliza maswali.

"Unaenda nalo wapi? Kwa mwendo gani? Umebeba nini?"

"Porini, mama, Lambwe na Kuria. Taratibu, gia ya pili. Nabeba dawa, maji na mtu mmoja. Nataka kuwakaribia ng'ombe wasikimbie."

"Ah." Truphena alichuchumaa nyuma ya gari, akaweka kiganja mbele ya moshi kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Kanyaga. Polepole. Zaidi kidogo. Rudi. Hapo! Usisogeze mguu."

Nyamoita naye alisikia: katika kasi ile, mngurumo uligeuka ukawa mvumo mzito uliotetemesha vioo.

"Hapo ndipo linapoimba," Truphena alisema. "Na hapo ndipo unapoendeshea siku nzima. Sasa chagua wewe. Naweza kukufungia sanduku moja kubwa, litakuwa kimya lakini litaning'inia na kugonga mawe. Au mawili madogo, moja katikati, moja nyuma, yamebanwa juu. Hayo yana kazi zaidi. Utalala mjini leo."

Nyamoita alijiingiza chini ya gari, akatazama mahali mwamba ulipopasua ile ya zamani. "Mawili," alisema.

"Na mdomo?"

"Unatokea nyuma, si ndiyo?"

"Majani ya Lambwe sasa ni makavu. Bomba likiwa moto na limeelekea chini, utachoma bonde. Nitautoa ubavuni, juu, umetazama pembeni."

Nyamoita alikuwa na dawa za kupanga. Hakuzipanga. Alikaa juu ya mtungi mtupu akamtazama yule mama hadi jua likaanza kushuka. Truphena hakuwa na mchoro wala rula. Vipimo alivichukua kwa uzi wa katani, akifunga fundo hapa na fundo pale. Bomba alilijaza mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili kwa mti, akalipasha moto hadi likawa jekundu, kisha akalikunja kwa kulizungusha kwenye kigingi cha chuma. Mchanga ulizuia bomba lisijikunje vibaya. Lilipinda laini kama shingo ya yangeyange. Ndani ya kila sanduku aliweka kuta tatu zenye matundu, tundu la ukuta mmoja halikutazamana na la mwingine.

"Kwa nini hayalingani?" Nyamoita aliuliza.

"Kelele huwezi kuiua, binti yangu. Unaizungusha tu hadi ichoke."

Alipomaliza, alifuta mikono, akampa ishara awashe. Nyamoita akazungusha ufunguo. Starta ikalia, kisha kimya. Akazungusha tena, na chini ya boneti kitu kikasaga meno.

"Wacha!" Truphena alipiga kelele, akicheka hadi akashika ukuta. "Limewaka! Limewaka tangu mwanzo!"

Nyamoita aliweka kiganja kwenye usukani. Ulikuwa unatetemeka kidogo sana, kama ubavu wa ndama aliyelala. Alishuka akamshika yule mama mikono yote miwili, masizi na yote.

Asubuhi alimchukua Cliff, mtu wa mitego, mzaliwa wa Lambwe, wakateremka bondeni. Walisikia vitu ambavyo hawakuwahi kusikia wakiwa ndani ya gari lile: majani yakisugua mlango, chupa za dawa zikigongana, kwale akiita. Mara mbili Cliff alianza kupaza sauti kwa mazoea, mara mbili akaishusha.

Walipozunguka kichaka cha migunga karibu na mtego wa nne, Cliff alimshika mkono.

Swala sita walikuwa mbele yao, hatua thelathini hivi, wakubwa karibu kama ng'ombe. Walikuwa na rangi ya nyasi kavu. Nyuso zao zilikuwa nyeusi, zenye mabaka meupe kana kwamba kila mmoja amepakwa chokaa kwa ajili ya sherehe, na pembe zilipinda kurudi nyuma. Masikio yalikuwa marefu, yenye vishungi nchani. Ndama alisimama katikati yao.

Nyamoita alipeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usizime," Cliff alinong'ona. "Sauti ikibadilika watajua."

Akaacha injini iendelee. Dume aliinua kichwa, akawatazama, akatafuna, kisha akainama tena kula. Waliwasikia wakikata majani kwa meno. Ndama alisogea, akanyoosha shingo kulielekea gari, pua yake ikicheza, hadi Nyamoita akaona unyevu juu yake.

"Omoro," Cliff alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ndogo kabisa. "Swala korongo, wale waliobaki wachache. Nina miaka thelathini na moja, nimezaliwa pale ng'ambo. Nimeona nyayo. Nilifikiri nyanya alikuwa anatupigia hadithi." Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta.

Nyamoita alikuwa amegusa maelfu ya wanyama maishani mwake. Aliwajua kwa uzito, kwa meno, kwa magonjwa. Hawa hakutaka kujua chochote kuwahusu. Alitaka tu wasiondoke.

Baadaye walivuka njia mmoja mmoja, mbele kabisa ya gari, bila haraka. Dume alipita wa mwisho.

"Tuwafuate?" Cliff aliuliza.

Nyamoita alitikisa kichwa. Aliacha mguu juu ya breki. Walikaa palepale, wakitazama majani yaliyolazwa na kwato yakiinuka tena taratibu, moja baada ya jingine.