Maji Meupe

Mpima maji wa kiwanda cha madini ya molibdeni aliinua dirishani chupa ya maji yanayomwagwa mtoni, akaona mwanga umepita bila kizuizi, akamwambia meneja kwamba maji ni meupe. Hakusema safi. Safi ni neno la meneja, ndilo alilowatangazia watu wa bondeni, naye mpima maji hakumsahihisha. Alijua kuwa madini yale yakishashikana na oksijeni huyeyuka majini bila rangi wala harufu. Alijua pia kuwa tumboni mwa ng'ombe hukutana na salfa, yakageuka mwizi, yakaupokonya mwili shaba yake, ile inayotia manyoya rangi na miguu nguvu.

Jioni alipopiga magoti kusali, machozi yalimtoka ya buluu, yakalowesha foronya. Mumewe aliitazama, akaivua, akatia nyeusi, akalala.

Jumamosi akaenda bondeni kwa shangazi yake. Zizini alibaki ng'ombe mmoja, mwenye mimba. Mweusi tangu kuzaliwa, sasa ameota mvi kuzunguka macho kama aliyevaa miwani. Wenzake walilegea miguu, wakafa.

"Huyu kanizidi uzee," shangazi alisema. "Mwanangu, msomi wetu ni wewe. Si haya maji kweli?"

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Akamkumbuka meneja, akaikumbuka nyumba ya kiwanda ambamo wanawe wanalala.

"Maji ni meupe, shangazi."

"Basi Mungu ashukuriwe. Nilishaanza kuwasengenya watu wa kiwanda bure."

Machozi yakadondoka kwenye beseni la kufulia. Shangazi alisema ukoo mzima ni wepesi wa kulia, ila wengine walilia hasara tupu. Akamsogezea beseni chini ya kidevu, akamsihi asijizuie, maana buluu ya dukani siku hizi haing'arishi kitu. Tangu hapo mpima maji akawa anakuja kulia kila Jumamosi. Shuka zilitakata hadi majirani wakaleta za kwao.

Siku ng'ombe alipozaa, miguu ilikataa kumnyanyua. Shangazi, ndama akiwa mapajani mwake, alimtuma mpwawe akateke maji, mzazi ana kiu. Mpima maji akashuka mtoni akiomba msamaha njia nzima, akajaza ndoo, akapanda nayo. Akaishikilia kwa mikono miwili, akaiinamisha kidogo kidogo, mpaka ng'ombe akayamaliza.