Balozi Aliyetandika Shuka Nyeupe

Mke wangu Scholastika alikuwa balozi wa nyumba kumi, na nalisema hilo kifua mbele. Alipochaguliwa, wanaume wa kijiji chetu hapa Nyakisasa walinitania kwamba sasa nitaomba kibali cha kunywa pombe nyumbani kwangu. Niliwajibu kwamba wao huomba kwa wake zao siku zote, ila huomba kwa siri.

Huo ulikuwa mwaka wa vita. Majeshi ya Amin yalikuwa yamevuka mpaka, mbali na sisi, lakini hofu ilikuwa imeshafika. Tulikatazwa kuanika nguo nyeupe nje, zisije zikaonekana na ndege. Mwenyekiti wa kijiji, Telesfori, alituchimbisha handaki refu kando ya shamba la ujamaa, tukaliezeka kwa magogo na udongo juu yake. Alilipenda handaki lile kuliko ng'ombe wake.

Asubuhi moja tukipalilia maharage ya kijiji, ardhi ilinguruma, kisha ikatutikisa hadi nikakaa chini bila kupenda. Ukuta wa ghala ukapasuka. Telesfori akagonga rimu la gari, kengele yetu ya hatari, huku akipaza sauti kwamba ni mabomu. Tukakimbilia handakini sote, hata mkwe wetu Esperansia na kichanga chake ambacho kilikuwa hakijabatizwa.

Scholastika alibaki mlangoni akiwapokea waliochelewa. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia kila neno. Wa kwanza alikuwa Ndikuriyo, aliyekuja mbio kutoka mlimani.

"Bomu limeanguka nyuma ya nyumba yangu," alisema.

"Umeliona shimo?"

"Nimesikia kishindo, mama. Nyumba nzima imetikisika."

"Na moshi?"

"Moshi sijauona."

Domisiana akafika kutoka bondeni, upande wa pili kabisa, naye akasema bomu limeanguka nyuma ya nyumba yake. Hakuona shimo, wala moshi, wala ndege. Kisha akaja mtu wa baiskeli kutoka njia ya Bugarama, magoti yamechubuka. Barabara ilikuwa imemtupa chini, alisema, na angani hakusikia hata mlio.

Mke wangu akamgeukia mwenyekiti.

"Ndugu Mwenyekiti, bomu gani hili linaloanguka nyuma ya kila nyumba? Hili ni tetemeko. Tuwatoe watu humu, udongo unamwagika."

"Redio haijasema kitu, Balozi. Siwezi kuwatoa watu kwa maneno ya kukisia."

"Redio iko Dar es Salaam, ndugu. Kilichotikisika kiko hapa."

"Na ndege zikija?"

"Zitaanza na mimi."

Ndani watu walisita. Udongo ulikuwa ukimdondokea mtoto usoni, Esperansia akimkinga kwa kiganja, lakini hakuthubutu kutoka. Roho iliniuma nikiwatazama. Tukikaa, huenda tukafukiwa. Tukitoka na kumbe ni ndege kweli, tungeuawa pale shambani na kosa lingekuwa la mke wangu.

Scholastika hakubishana tena. Alikwenda nyumbani, ambapo si mbali, akarudi na shuka yetu nyeupe ya harusi, tuliyoificha sandukuni tangu vita vianze. Akaitandika katikati ya shamba, mahali pasipo hata mti mmoja, akakaa juu yake na kunyoosha miguu. Kama kulikuwa na rubani yeyote angani, asingemkosa.

"Esperansia," aliita kwa sauti ya kawaida, "niletee mjukuu wangu."

Nikatoka mimi, nikakaa kando yake. Sitadanganya, niliangalia juu zaidi ya mara moja. Esperansia akatoka na mtoto, kisha Domisiana, kisha wengine wakisukumana. Telesfori alitoka wa mwisho, baada ya kuhakikisha hakuna aliyebaki, na kwa hilo namheshimu.

Hatujakaa vizuri, ardhi ikanguruma tena. Magogo yalilia, paa la handaki likaporomoka lote, vumbi likapanda hadi likatufunika. Lilipotulia, Telesfori akaja kuvua kofia mbele ya mke wangu. Nilijaa fahari hadi machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

Jioni redio ilitangaza tetemeko, ikasema habari zaidi zitafuata.

Wiki iliyofuata ardhi ilitikisika tena, kidogo tu, wakati wa kupika. Safari hii hakuna aliyegonga kengele. Watu walikuja uani kwetu, Telesfori akiwa mbele, wakamuuliza Scholastika ni nini.

"Bado sijui," aliwaambia. "Kaeni hapa nje, mbali na kuta. Ngoja nikawaulize wa mlimani na wa bondeni."

Hakuna aliyekimbia. Walikaa chini, mwenyekiti pamoja nao, wakamngoja.